Nilivyompeleka Mama Mkwe Mpakani

Mwanangu, iko siku moja iliyokaa kichwani mwangu miaka yote hii na haijahama, ingawa siku hizi natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Ilinirudia juzi Jumapili, baada ya ibada, nilipowasikia wewe na wenzako mkipanga safari hapa nje ya nyumba yangu Kapsoya, Eldoret. Mlikuwa mmeinamia simu, mnaoneshana ramani. Mlisema kuna mahali kule juu, mbali kupita Kacheliba, ambapo Pokot, Turkana na Uganda zinakutana, na mnataka kupiga picha mguu mmoja huku na mwingine kule. Mmoja wenu akasema wazee wa mjini hawawezi kujua mahali kama hapo. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani napukuchua mahindi, nikanyamaza. Mzee akikohoa kohoa ninyi hudhani anataka chai.

Napajua mahali hapo. Nilifika huko kabla hamjazaliwa, na sikwenda kupiga picha. Nilimpeleka mama mkwe wangu.

Usicheke, au cheka kidogo halafu unisikilize. Wewe umekulia mjini, na umeona mama wa mchumba wako akikukumbatia mbele ya watu wote. Ni vizuri, siwezi kukataa. Lakini sisi Wabukusu tulioletwa Eldoret na kazi kutoka Bungoma tulikuja na mila zetu kwenye mabegi. Mila moja ni hiyo ya mkwe. Mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawaketi karibu, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja anapinda na kuingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Tunaiita chisoni, yaani aibu ya heshima. Ipo namna ya kuiondoa. Mama akishazeeka na kuhitaji msaada, wazee hukaa, mkwe hutoa zawadi, kisha wawili hao wanapeana mkono mbele ya watu na mambo yanaisha. Bila hivyo, unakaa mbali.

Mimi nilikaa mbali. Wakati huo nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa mjini, na nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mahindi kutoka mashamba ya kule Ziwa, nje ya mji, siku za mavuno. Mke wangu Nafula alikuwa amenizalia watoto, na mama yake nilikuwa bado sijamtazama usoni hata mara moja. Nilimjua kwa kitambaa chake cha kichwa, kwa mgongo wake, na kwa kikohozi alichokitoa kabla ya kuingia mahali ili mimi nipate kutoka.

Watu walimwita Mama Wanyonyi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na hilo ndilo lililomuumiza. Wanyonyi alikuwa amekosana na baba yake kwa sababu ya msichana wa Kipokot aliyetaka kumwoa. Mzee alikataa kabisa. Alisema maneno mazito, akamfukuza. Wanyonyi akamchukua msichana wake wakaenda kwao, mbali kule mipaka inapokutana, wakafungua duka. Hakurudi tena. Mzee alipokufa, habari zilimfikia mapema, lakini hakuja kuzika. Kwetu mtoto wa kwanza kukosa kwenye mazishi ya baba yake si jambo dogo. Wajomba na baba wadogo walikasirika, wakasema jina lake lisitajwe hapo nyumbani. Lakini mama yake wangemwitaje? Kila asubuhi watu waliendelea kumwamkia, "Habari ya asubuhi, Mama Wanyonyi," naye akaitika.

Mwaka uliofuata mama akamwita Nafula akamwambia anataka kupelekwa kwa mtoto wake. Alisema mzee alipokuwa anakata roho kuna maneno aliyasema juu ya Wanyonyi, na aliyeyasikia ni yeye peke yake. Nafula akajitolea kuyapeleka. Mama akakataa.

"Haya si ya kutuma mtu," alisema. "Akiyasikia kwa mtu mwingine atasema mmeyatunga ili arudi."

Kisha akamwambia jambo ambalo hatukulijua. Macho yake yalikuwa yanafunga. Tayari upande mmoja aliona ukungu mtupu, na huo mwingine ulikuwa unafuata. Daktari alishamwambia hakuna la kufanya. Alitaka kuuona uso wa mtoto wake kabla giza halijaingia.

Basi tukapanga. Nafula angeketi katikati, mimi kwenye usukani, mama dirishani, na heshima ingekuwa salama. Mama akaja Eldoret, akalala kwa jirani yetu, lakini usiku wa kuamkia safari mtoto wetu mdogo akapata surua. Nafula hakuweza kumwacha. Nilidhani safari imekufa, alfajiri nikaenda nje kufunika gari. Nikamkuta Mama Wanyonyi ameshapanda nyuma ya pikapu. Ameketi juu ya gunia la mahindi, amefungua mwavuli, amenipa mgongo. Pembeni mwake kulikuwa na kikapu chenye kuku mwekundu, zawadi ya wajukuu ambao hajawahi kuwaona.

Niligeuka kumtafuta mke wangu. Nafula alikuwa ameingia kumtuliza mtoto. Ndipo nikamsikia mama akiongea, si na mimi, bali na kile kikapu.

"Wewe kuku," alisema, "ambia dereva mimi nimekaa tayari. Mwezi ujao sitaona kitu."

Nami nikavua kofia, nikamjibu kuku. "Kuku, mwambie Mama nimesikia. Tunaenda."

Ndivyo tulivyosafiri, mwanangu. Tulipita Kitale, tukapanda mpaka mji wa Makutano, na njia nzima yule kuku alifanya kazi ya kutafsiri. Niliacha kile kidirisha cha nyuma wazi ili nisikie. "Kuku, ambia dereva apunguze mwendo, mgongo wangu si gunia." "Kuku, mwambie Mama lile shimo nimeliona, ila gari ndilo halikuliona." Nilimsikia akicheka, halafu akakohoa haraka kuficha kicheko. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Makutano tulilala, yeye kwa mama mmoja wa kanisa, mimi kwenye gari. Kesho yake tukateremka kwenda Kacheliba, na hapo ndipo mtu wa Eldoret anajua kwamba Kenya ni kubwa. Baridi yote inabaki juu mlimani. Chini ni joto, miiba, na vumbi jekundu ambalo halina adabu. Nilipotazama nyuma nikaona mama amekuwa mwekundu kuliko kuku wake, na mwavuli umepinduliwa na upepo. Nikasimamisha gari chini ya mgunga.

"Kuku," nikasema, "mwambie Mama aje mbele. Huku nyuma atakufa."

"Ambia dereva sijazeeka mpaka nisahau adabu."

"Kuku, mwambie Mama kwamba Nafula ataniuliza mama yake yuko wapi, na mimi siwezi kumpa vumbi kwenye kikapu."

Kisha akafungua leso moja kati ya mbili alizojifunga, akainyoosha juu ya ukingo wa gari bila kunitazama. Nikaelewa. Nikaifunga ncha moja kwenye kioo cha katikati na nyingine kwenye msumari wa nyuma ya kiti, ikagawa chumba cha mbele vipande viwili. Mimi nikawa na nchi yangu, yeye akawa na yake, na kuku akaketi kwenye gia.

Tatizo ni kwamba ile leso ilinifunikia kioo cha katikati na cha upande wa kushoto. Nikamwomba mama, kupitia kwa kuku, anitazamie upande wake.

"Kuku, ambia dereva kuna ng'ombe!"

Nikakanyaga breki. Nikachungulia mbele ya leso. Kilikuwa kichaka.

Tukaendelea. "Mtu! Kuna mtu amesimama!" Nikasimama. Kilikuwa kichuguu. Akaona mbuzi mahali palipokuwa na mawe, na mahali palipokuwa na mbuzi wenyewe akasema njia ni safi. Mara ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Baadaye sikucheka tena. Nilikuwa nimedhani macho yake yanaanza kufifia, kumbe yalikuwa yamekaribia kwisha, na alikuwa ametuficha sote ili tusimzuie kusafiri. Kila alipopaza sauti nilikanyaga breki hata nikiwa naona kwamba hakuna kitu. Nikasema, "Kuku, mwambie Mama asante, nilikuwa simwoni." Ulikuwa uongo, na ukiniuliza leo nitausema tena.

Tulifika jua likiwa utosini. Nataka ujue mapema, ili usije ukarudi umenuna: hapo mipaka inapokutana hakuna kitu. Hakuna lango, hakuna bendera, hata kibao hakuna. Kuna mkono wa mto uliokauka, mchanga mtupu. Ng'ambo yake kuna kilima kidogo cha mawe, na juu yake nguzo fupi ya saruji, tunayoiita bikoni, inayofika magotini. Mbuzi walikuwa wanajikuna hapo. Karibu na nguzo, upande wa kwetu, palikuwa na duka la mabati. Hilo ndilo lililokuwa duka la Wanyonyi.

Gari lisingeweza kuvuka ule mchanga, lingezama mpaka kwenye milango. Ilibidi tutembee. Lakini mama alishuka, akapiga hatua chache, akajigonga kwenye jiwe. Akasimama huku mikono yake ikipapasa hewa. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemfikia, na sikuweza. Wewe unaweza kusema ni ujinga. Mimi nilihisi kama nimeambiwa nivue nguo sokoni.

Nikakata tawi, nikalichuna miiba, nikaweka ncha moja karibu na mkono wake. Akaishika. Mimi nikashika ncha nyingine, nikatangulia, na tukaanza kuvuka hivyo. Mchanga ulikuwa unachoma hata kupitia viatu. Mama alijikwaa, akapiga magoti, akainuka mwenyewe. Akaanguka tena.

Mwanamke aliyekuwa anachota maji kwenye kisima cha mchangani alisimama akatutazama. Alikuwa mrefu, na shanga zimemjaa shingoni. Akapiga kelele kwa Kiswahili cha huko.

"Wewe! Kwa nini unavuta mama yako na fimbo kama mbuzi? Huna mkono?"

Nikataka kumweleza kwamba si mama yangu, ni mkwe wangu, na kwamba sisi tuna mila yetu. Lakini utamweleza nini mtu ambaye ameshaacha mtungi wake anakuja mbio? Hakunisalimia. Alimshika mama kwapani, akamwinua, akampangusa mchanga usoni kwa kitambaa chake chenye maji. Kisha akamnywesha kwa kibuyu kidogo kidogo, huku akimsemesha kama mtu anavyomsemesha mtoto aliyetoka usingizini.

"Wewe ni nani, mwanangu?" mama akauliza.

"Chelimo. Mimi ni bibi ya mwenye duka."

Mama aliuinua mkono wake akaugusa uso wa Chelimo, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, taratibu. Huyu ndiye yule msichana ambaye nyumba nzima ilivunjika kwa sababu yake, naye alikuwa hajui amemshika nani. Mama akaacha mkono wake hapo shavuni kwa muda.

"Mimi ni Mama Wanyonyi," alisema hatimaye.

Chelimo alishtuka, lakini hakumwachia. Alimshika zaidi, wakavuka pamoja, na mimi nikawafuata nyuma na fimbo yangu na kuku wangu, nikiwa sina kazi.

Sasa Wanyonyi alikuwa ametoka mlangoni mwa duka. Alikuwa ameanza kuota mvi, tumbo limetoka kidogo, lakini nilimtambua kwa jinsi alivyofanana na Nafula. Alipomwona mama yake alisimama wima. Nilidhani atakuja mbio. Badala yake alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akakipanda kile kilima cha mawe, akaipita nguzo, akasimama upande wa pili. Alikuwa ameingia Uganda.

"Mama!" akaita. "Kama wazee wamekutuma na laana, iache hapo ulipo. Usivuke nayo."

Unajua kwetu laana ya mama inavyoogopwa. Mtu mzima, mwenye duka na watoto, amejificha nyuma ya kipande cha saruji ambacho hata mbuzi hakiheshimu. Watoto wake walikuwa wamechungulia mlangoni, wanatazama baba yao akimwogopa mwanamke mzee asiyeona. Sitaki uone jambo kama hilo maishani mwako.

Mama aligeuza kichwa kuelekea sauti. "Yuko wapi?" akauliza. "Simwoni."

Chelimo akamshika mkono amwongoze. Mama akamzuia.

"Hapana, mwanangu. Wewe ni mke wake. Ukinipeleka kwake kwa nguvu, itakuwa umesimama na mimi dhidi ya mume wako. Kaa na watoto." Kisha akaita, "Simiyu."

Hilo ni jina langu. Hakuwahi kulitamka. Nilitazama nyuma yangu kana kwamba kuna Simiyu mwingine amesimama huko mchangani.

"Simiyu, njoo unishike mkono. Nipeleke kwa mtoto wangu."

Nikafungua mdomo. Nikamtazama kuku. Kuku hakuwa na la kusema.

"Mama," nikasema, na hilo lilikuwa neno la kwanza nililomwambia moja kwa moja, "wazee hawajakaa. Hatujafanya sherehe."

Hapo akanikemea. Hakupaza sauti, lakini alinikemea.

"Simiyu, hii chisoni ilikuwa ya nani? Si ilikuwa yangu? Ililinda heshima yangu, na wewe umeilinda vizuri, hata ndani ya gari, hata pale nilipokuonyesha vichaka ukasimama kama mjinga. Unafikiri sikujua? Sasa mimi mwenyewe nakuambia imetosha. Huyu mke wa mtoto wangu ni shahidi. Nipe zawadi yoyote uliyo nayo."

Sikuwa na blanketi wala mbuzi. Nilikuwa na sweta ya sufi niliyoondoka nayo Eldoret asubuhi ya baridi, nimeifunga kiunoni. Nikaifungua, nikamwekea mabegani. Katika joto lile, mwanangu! Jasho lilianza kumtoka palepale. Lakini aliikaza kifuani kwa mkono mmoja kama bibi harusi, na mkono mwingine akaunyoosha.

Nikaushika. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhania, mkavu, una sugu za jembe. Nilikuwa nimekula ugali wa mkono huo miaka mingi, umeletwa na watoto mpaka nilipoketi, na sikuwahi kujua ulivyo. Nililia. Sikujizuia wala sikuficha uso.

Tukakipanda kile kilima pamoja. Nilimwambia mahali pa kukanyaga, naye akakanyaga. Tulipofika kwenye nguzo akaipapasa, akauliza ni nini. Nikamwambia ndio mpaka. "Kumbe ni hii tu," alisema, akaushikilia mkono wangu akasimama.

"Wanyonyi, mimi sina laana. Kwa nini hukuja kumzika baba yako?"

"Aliniambia nisikanyage kwake hata akifa," Wanyonyi akajibu kutoka ng'ambo. "Wewe ulikuwa hapo, Mama. Ulisikia. Nilimtii."

"Nilisikia. Na ya mwisho pia niliyasikia, ndiyo nimekuletea. Usiku ule tulikuwa wawili tu. Alikuwa amenyamaza kutoka asubuhi. Halafu akafungua macho, akatazama mlango, akasema, 'Huyo si Wanyonyi amekuja? Kwa nini amesimama? Mpeni kiti.'"

"Mlangoni hapakuwa na mtu," mama akaendelea. "Lakini niliinuka, nikachukua kiti chake mwenyewe, kile cha kukunja, nikakiweka karibu na kitanda. Akakitazama, akatulia. Hakusema tena. Hicho kiti kipo mpaka leo hapo nilipokiweka, na baba zako wadogo wakija hawakikalii, ingawa hawajui kwa nini nawakataza."

Wanyonyi aliketi chini. Aliketi palepale alipokuwa, kwenye mawe, akafunika uso, na mtu yule mkubwa akalia kwa sauti mpaka mbuzi wakakimbia. Mama aliniachia mkono. Akaipita nguzo akiwa ananyoosha mikono mbele. Wanyonyi alipoona atajigonga, aliinuka haraka akampokea. Nikamwona mama amekishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, amekileta karibu kabisa na lile jicho lake lililobaki, karibu mpaka pua zao zinagusana, anamtafuta.

"Umezeeka," alimwambia. "Unafanana naye."

Basi alimwona. Mimi nilikuwa hapo, na nakuambia alimwona.

Desemba hiyo Wanyonyi alirudi nyumbani na Chelimo na watoto. Sitakudanganya kwamba kila mtu alifurahi. Mjomba mmoja alikataa kumsalimia, na kuna wengine walimsema Chelimo pembeni mpaka alipojifungua kitindamimba wake na kumpa jina la yule mzee aliyemkataa. Mambo ya nyumbani hayatengenezwi siku moja. Macho ya mama yalifunga kabisa mwaka uliofuata. Akaja kukaa nasi hapa Kapsoya, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kwenda kanisani, kwenda hospitali, hata kwenda tu kuota jua. Nafula alikuwa analalamika kwamba tunaongea sana, kwamba hatumwachii nafasi. Ilikuwa kweli. Tulikuwa na miaka mingi ya kunyamaza ya kulipa.

Sasa nisikie, mwanangu, kwa kuwa chai inapoa na wewe una haraka.

Nenda huko mpakani. Sikukatazi. Lakini ukifika, usianze na simu. Tafuta aliye karibu, msalimie, mwambie umetoka wapi na umekuja kwa nini. Hapo ni nyumbani kwa watu, si mchoro wa kwenye ramani. Wakikupa maji, kunywa taratibu, maana wameyachimba.

Na usije ukanisikia vibaya ukaanza kudharau mila za wenzako, au zetu. Mimi niliishika ile chisoni miaka mingi na sijuti hata siku moja. Ilinifundisha kumheshimu mwanamke ambaye sikumzoea. Lakini kila kitu mlichowekewa kati yenu na watu wenu, kuna siku mwenyewe atasema imetosha. Siku hiyo usibaki umesimama unauliza wazee wamekaa au hawajakaa. Nyoosha mkono.

Zaidi ya yote, kama una neno la amani la mtu wako, lipeleke mwenyewe, na lipeleke ukiwa bado unaona njia. Usilitume kwa simu. Usingoje Krismasi. Na kama wewe ndiye uliyefukuzwa kwa hasira, usiishi maisha yako yote kwa maneno ya ile siku ya hasira. Mtu hubadilika akiwa peke yake kitandani, na wewe hutakuwapo kumsikia.

Mungu akutangulie safarini, akurudishe mzima. Akupe mke atakayemwinua mgeni kabla ya kumuuliza jina. Akupe wazee wa kuwashika mkono, na mkono usiochoka. Na siku utakapofika mahali umechelewa sana, mwanangu, umechelewa hata kuomba msamaha, Mungu akujalie usikie kwamba kabla hujafika kuna mtu alitazama mlango akasema upewe kiti.